Nani Anapika Kwenye Nyumba ya Safari?

Ukiingia Instagram mwezi wa nane au Desemba, lazima ukutane na ile picha. Veranda ya mbao. Meza ndefu, glasi, kikapu cha matunda. Nyuma yake nyika imenyooka mpaka inagusa mbingu, na kama bahati iko, twiga mmoja kwa mbali. Watu saba au wanane wamekaa, wote wanacheka, wote wamevaa rangi ya udongo kana kwamba waligawiwa yunifomu getini. Maneno ya chini huwa machache: nyumba nzima ni yetu, familia na marafiki, wikendi bila simu. Bila simu, na picha imepigwa na nini?

Siwaonei wivu. Sawa, nawaonea kidogo. Lakini kinachonisumbua ni swali la kisanaa, kama mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili anaruhusiwa kuliita hivyo. Hii picha ilitungwa na nani? Kwa sababu huyo aliyeibandika jana usiku hakuitunga. Ameirithi, na imezeeka kuliko nyanya yake.

Ile nyumba ya safari ya kibinafsi, mnayokodi nyote kama kundi moja na hakuna mgeni mwingine anayetia mguu, ni jengo, lakini ni utanzu pia, vile tulifundishwa tanzu za fasihi kidato cha tatu. Ina mandhari yake, ina wahusika wake, ina kanuni ambazo kila anayeingia anazijua bila kuambiwa. Na kanuni kuu ni kwamba chakula kinafika. Hakuna anayekipika. Kinafika tu, kama mvua.

Tuanze na yule ambaye wote wanaanza naye. Karen Blixen alichapisha Out of Africa mwaka wa 1937, akiwa amesharudi Denmark baada ya shamba lake la kahawa chini ya vilima vya Ngong kufilisika. Kitabu hicho nilipewa chuoni, nikakisoma nusu, nikaacha chuo, nikakimalizia nyumbani Masara usiku kwa mwangaza wa simu. Nilikuwa nimejiandaa kukichukia. Haikuwa rahisi hivyo. Yule mama anajua kuandika, na hapo ndipo shida inaanzia, kwa sababu kitabu kibaya kingekufa zamani na hakingezaa picha.

Nyumba yake haikuwa ya kukodisha, ilikuwa makao. Lakini ndani ya kurasa inafanya kazi ile ile ya veranda zetu: wageni wanakuja, wanakula, wanasimulia, wanaelekea porini, wanarudi. Denys Finch Hatton, ambaye aliongoza matajiri kwenye safari za uwindaji, anaifanya kituo chake kati ya safari moja na nyingine. Mwaka wa 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza alikula chakula cha jioni pale. Na chakula hicho kilipikwa na Kamante Gatura, Mkikuyu aliyefika kwa Blixen akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akatibiwa, akabaki jikoni, akawa fundi wa mapishi ya Kizungu ambayo yeye mwenyewe, Blixen anatuambia, hakuwa na hamu nayo.

Blixen hakumficha mpishi wake, lazima tumpe haki hiyo. Sehemu nzima ya kwanza ya kitabu ina jina la Kamante. Lakini soma kichwa chenyewe: "Kamante na Lulu". Lulu ni nani? Ni mtoto wa pongo aliyelelewa ndani ya nyumba, akatembea sakafuni na kwato zake, akakua, akarudi msituni. Mpishi na mnyama wameandikwa kwenye mstari mmoja, na mwandishi anawapenda wote wawili kwa sauti ile ile. Nilirudia huo ukurasa mara kadhaa nikijiambia labda naonea. Naomba na wewe uurudie, kisha uniambie ni wapi penzi la kwanza linatofautiana na la pili.

Filamu ya 1985, ile ya Sydney Pollack iliyobeba Oscar saba, ikafanya mambo kuwa laini zaidi. Kuna tukio ambalo kila mtu analikumbuka: Robert Redford anamwosha Meryl Streep nywele porini, anammwagia maji kwa jagi, huku akikariri shairi. Mimi nililitazama na mama yangu, na mama, ambaye amebeba maji kichwani miaka yake yote ya usichana, aliuliza swali moja tu: hayo maji yamechotwa na nani? Sijawahi kusikia uhakiki mzuri zaidi wa ile filamu.

Wa pili ni Hemingway. Green Hills of Africa ilitoka 1935, na safari yenyewe ilikuwa ya 1933 kuingia 1934, hasa upande wa Tanganyika. Huyu hakulala kwenye nyumba, alilala hemani, lakini mpangilio ni ule ule wa familia na marafiki: yuko yeye, mke wake, rafiki yao kutoka Marekani, na mwindaji Mzungu wa kuwaongoza. Ukitaka kujua nani ni familia na nani siyo, angalia majina. Kuna mfuatiliaji nyayo anaitwa Droopy kwa sababu kope zake zimelegea. Kuna mwingine anaitwa Garrick, jina la mwigizaji wa zamani wa Uingereza, kwa sababu Hemingway alimwona ana maringo ya jukwaani. Majina waliyopewa na mama zao hayamo. Hemingway alimsikiza mtu akiongea lugha yake, akaona sinema, akampa jina la mwigizaji. Na bado, lazima niseme, M'Cola, mbeba bunduki wake, ndiye mtu ambaye ningependa kuketi naye kuliko wote kwenye kile kitabu. Anacheka. Anamcheka fisi, anamcheka Hemingway mwenyewe akikosa shabaha. Kuna kurasa mbili tatu ambapo unahisi M'Cola ana kitabu chake kichwani na kinaenda vizuri kuliko hiki tunachosoma.

Sasa mtu ataniambia, lakini Binyavanga Wainaina alishamaliza haya yote mwaka wa 2005 na ile insha yake kwenye Granta, "How to Write About Africa". Ndiyo, na tunamshukuru. Lakini nadhani kizazi chetu kilisoma ile insha kama chanjo. Umedungwa, uko salama, huwezi kuugua tena. Tunacheka Mzungu anayeandika kuhusu machweo, halafu tunakodi nyumba Naivasha au Nanyuki tukae veranda tuandike kuhusu machweo. Nimesoma hadithi fupi nyingi za watu wa rika langu ambapo marafiki wanaenda nyumba ya wikendi, wanakunywa, siri inafichuka, mapenzi yanaharibika. Ni hadithi nzuri, nyingine nzuri sana. Katika karibu zote kuna mlinzi anayefungua geti na mama anayekuja asubuhi kupika, na karibu zote zinamalizana na hao wawili kwa sentensi moja. Mlinzi huwa na koti kubwa. Mama huwa na tabasamu. Manze, Blixen angalau alimpa mpishi wake sehemu nzima!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa Kiswahili hatukuhitaji kuanza na Blixen. Mwaka wa 1901, miaka 36 kabla ya kitabu chake, Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa masimulizi ya watu wa pwani waliosafiri. Mmoja wao ni Salim bin Abakari, Mkomoro. Alikuwa mtumishi wa Mjerumani mmoja, na bwana wake alipoenda Urusi hadi Siberia, naye akaenda. Kisha akasimulia. Hebu tulia hapo kidogo. Mtumishi ndiye msimulizi. Yeye ndiye anayetazama, na wanaotazamwa ni Wazungu, nyumba zao, baridi yao, chakula chao. Sisemi kilikuwa kitabu huru kabisa, kwa sababu aliyekusanya na kuchapisha ni Mjerumani tena, kwa sababu zake za Kijerumani. Lakini tulikuwa na huo mlango, umefunguliwa zaidi ya karne iliyopita, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyenionyesha. Neno safari lenyewe ni letu, maana yake ni kutoka hapa kwenda pale. Wenzetu wakalichukua, wakalifanya liwe na maana ya kwenda kuangalia wanyama, wakaturudishia, na sisi tukapokea na risiti.

Mwaka juzi Desemba sisi wenyewe tukaingia kwenye picha. Binamu yangu wa Nairobi alipata kazi nzuri, akasema Krismasi hii hatukai Masara kuhesabu magari yanayoenda Muhuru Bay, tunaenda Ruma. Tulikuwa kumi na mmoja: mama, nera, yaani mjomba wangu, kaka ya mama, binamu, na marafiki wanne wa binamu kutoka mjini. Migori, Rongo, Rodi Kopany, Homa Bay, kisha barabara ya Mbita mpaka Bonde la Lambwe. Huko kuna nyumba ya wageni ya KWS inaitwa Oribi, ndani ya mbuga, mnaikodi nzima na mnabeba chakula chenu wenyewe. Hakuna mpishi. Hilo mlishike.

Ruma si Mara. Ni kilomita mraba 120 tu, na wakati wa nyanya yangu jina Lambwe lilitajwa kwa sauti ya chini kwa sababu ya mbung'o na malale. Watu walishindwa kukaa, wanyama wakabaki. Likawa hifadhi mwaka wa 1966 na mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983. Sifa yake kubwa ni korongo, si ndege bali yule swala mkubwa ambaye Waingereza wanamwita roan, ambaye Kenya nzima amebaki hapo tu. Hesabu ya kitaifa ya 2021 ilipata 15. Kumi na tano! Darasa la chekechea. Hatukumwona hata mmoja, lakini tuliona twiga na kongoni, na marafiki wa binamu waliridhika.

Nera alipika miaka kumi na tisa kwenye kambi moja ya watalii upande wa Mara, siitaji jina. Sasa amestaafu, ana mihogo na ng'ombe wawili. Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na moja nikamkuta jikoni amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Sijui alilipiga pasi saa ngapi. Chai ilikuwa tayari kwenye chupa, vikombe vimepangwa kwenye trei, vipini vyote vimeelekea upande mmoja. Mama akatoka na leso yake, akasimama mlangoni.

"Omera, tulisema nitapika mimi."

"Nyamera, wewe lala."

"Si ukae basi. Umekuja kupumzika."

"Nimepumzika. Hii ndiyo kupumzika."

Akakataa kukaa siku zote tatu. Tukila, yeye yuko nyuma ya viti. Ukimaliza ugali kabla hujageuka kuna mwingine. Marafiki wa binamu walifurahi kupita kiasi. Mmoja akasema kwa sauti, hii nyumba imekuja na mpishi, na meza ikacheka, na nera akacheka pia, kile kicheko cha kazini ambacho sikuwa nimewahi kukisikia nyumbani. Mama hakucheka. Aliweka samaki wake chini, akaosha mikono, akaenda kukaa jikoni, na tangu hapo alikula huko na kaka yake. Kwa hiyo mpaka siku ya pili nyumba ya familia na marafiki ilikuwa imejigawa yenyewe, veranda na jikoni, bila Mzungu hata mmoja kwenye eneo.

Jioni ya mwisho ikaja picha. Kabla mtu hajauliza nani atashika simu, nera alikuwa ameshaishika. Alituelekeza kama fundi: wewe sogea kushoto, jua lisikupige machoni, mama mtu kaa katikati, glasi hiyo iondoe. Alirudi nyuma hatua tatu akapiga magoti. Picha ilitoka safi kuliko picha yoyote ya familia yetu. Iko kwenye simu yangu sasa naiangalia. Tuko kumi.

Baadaye nilimuuliza ni wageni wangapi amewapiga picha hivyo. Akasema hiyo ni kama kuniuliza nimekula ugali mara ngapi. Kisha akasema kitu ambacho nimekizungusha kichwani tangu siku hiyo: kwamba kila kundi likiondoka, mtu mmoja lazima amkumbatie na kumwambia kuwa yeye sasa ni familia. Hakulisema kwa uchungu. Alisema wengi walimaanisha, na wengine walimtumia kadi za Krismasi miaka mingi. Krismasi yenyewe alikuwa kazini, ndiyo wakati wageni ni wengi.

Hapo ndipo nikaelewa ni kwa nini Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor, riwaya ya 2014, ilinishika koo kuliko vitabu vyote vya nyika. Watu huizungumzia kama riwaya ya uchaguzi wa 2007, kwa sababu inaanza na kijana Odidi Oganda akikimbia kifo kwenye barabara za Nairobi. Mimi naisoma kama riwaya ya nyumba. Kaskazini mwa Kenya, kwenye ukame, kuna nyumba iliyojengwa na afisa Mwingereza, Hugh Bolton. Aliyemfanyia kazi ni Nyipir Oganda, Mjaluo wa upande wetu wa ziwa, ambaye baba yake na kaka yake walipelekwa vita vya Burma wasirudi. Bolton ametoweka. Nyipir amebaki, amezeeka humo, amelea watoto humo. Halafu mtoto wa Bolton, Isaiah, anawasili kutoka Uingereza kumtafuta baba.

Ona vile Owuor amepindua utanzu. Mgeni anafika kwenye ile nyumba ya mandhari, na mwenye nyumba ni yule ambaye kwenye kitabu cha Blixen angekuwa nyuma ya kiti. Nyumba ina jina la Kijaluo, Wuoth Ogik: safari imefika mwisho. Na mtumishi kurithi nyumba hakumletei raha yoyote. Kuta zinajua kilichotokea, na Nyipir anajua kuta zinajua. Sitasema zaidi, wengine hamjasoma.

Nina malalamiko yangu. Owuor hukatakata sentensi mpaka wakati mwingine nataka kumwambia apumue, na anaipenda ile nyika kiasi cha kunifanya nimshuku. Kuna machweo mle ambayo Blixen angeyasaini. Pia inabidi ufe au uue ndipo nyumba ibadilishe mikono, na nera hakuua mtu. Alistaafu na barua na saa ya ukutani. Hadithi ya mtu kama yeye, asiye na maiti pangoni, mwenye ustadi na majina ya wageni mia kichwani, bado siioni kwenye rafu.

Karibu zaidi ni Kamante mwenyewe. Mwaka wa 1975 Mmarekani Peter Beard alichapisha Longing for Darkness, masimulizi na michoro ya Kamante akiwa mzee, akikumbuka zile nyakati upande wake. Kitabu kimefungwa kila upande na watu wakubwa, hata neno la mwisho limeandikwa na Jacqueline Onassis, mjane wa Rais Kennedy, kana kwamba mzee hawezi kuachwa peke yake na msomaji. Hata hivyo ukisoma pole pole unamsikia mpishi akieleza nyumba ile ile, na nyumba inabadilika umbo. Inakuwa na jiko. Ina mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma una njia inayoenda kwa watu wake. Nashangaa hakuna mchapishaji wa hapa aliyekitoa kwa Kiswahili au kwa Gikuyu na kukiuza pale kwenye makumbusho ya Karen, karibu na vile vikombe vyenye picha ya Blixen.

Tangu Januari namrekodi nera kwa simu, Jumapili baada ya kanisa, chini ya mwembe. Nilidhani ataanza na simba. Alianza na sufuria: ngapi zilikuwepo, ipi ilitoboka mwaka gani, ipi mgeni mmoja aliitaka aende nayo kwao. Kufikia sasa tuko kwenye mwaka wake wa pili kazini na bado hajatoka jikoni. Wiki jana alinitajia jina la mgeni wa kwanza, kisha akaniambia nizime simu kidogo, hilo halijaandikwa bado, anataka kwanza kufikiria.